Kiitikio kinachosimama mbali na beti: jibu kwa mchanaji anayetaka hip-hop yenye soul na pop

Swali, kwa ufupi, kutoka kwa msomaji wa Morogoro: "Nimekuwa nikichana tangu nikiwa sekondari, na mwaka huu nimeanza kuweka viitikio vya kuimba nikisaidiwa na rafiki yangu wa kwaya. Ninaipenda soul ya zamani, ule muziki wa Wamarekani weusi uliotokana na uimbaji wa kanisani, na pia ninataka wimbo ushike kama pop. Lakini kila anayesikiliza anasema beti ni nzuri na kiitikio ni kizuri, ila wimbo mzima haushikani. Wenzangu wa maskani wanasema nimeikimbia hip-hop na kwamba ninaiga Wamarekani. Nirekebishe wapi? Nichukue sampuli, yaani vipande vilivyokatwa kutoka rekodi za watu, za zilipendwa za dansi? Na mimi mwenyewe nijifunze kuimba, au Auto-Tune, ile programu ya kusahihisha sauti, inatosha?" Ameambatanisha nyimbo mbili.

Jibu:

Ndugu yangu, nyimbo zako zote mbili zina kasoro moja, nayo haipo kwenye sauti ya rafiki yako wala kwenye mistari yako. Kiitikio kinapoingia, ngoma zako zinaondoka. Katika wimbo wa kwanza ngoma ya mguu na snea, ile ngoma yenye mlio mkali, zinanyamaza kabisa kwa vipimo vinane (kipimo kimoja ni mapigo manne), na mahali pake panabaki kinanda laini chenye mwangwi mrefu. Katika wimbo wa pili ngoma zimebaki, lakini umezishusha sauti na kuzifunika kwa fidla za kompyuta. Nadhani umefanya hivyo kwa kuamini kwamba uimbaji unahitaji mahali palipolainishwa kwanza. Imani hiyo imeenea sana, hata katika studio zenye vifaa vya gharama, nayo ndiyo inayomfanya msikilizaji ahisi kwamba kila ubeti unapokwisha anahamishiwa kwenye wimbo wa mtu mwingine.

Rai yangu ni kwamba katika mchanganyiko huu hip-hop ikae kwenye ngoma na besi, soul ikae kwenye kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) na kwenye koo la mwimbaji, na pop ikae kwenye mpangilio. Kila moja ishike mahali pake kuanzia mwanzo wa wimbo hadi mwisho, zote zikiwapo kwa wakati mmoja. Unachofanya wewe ni kuzipokezanisha zamu, dakika hii hip-hop, dakika inayofuata soul, na kila zamu inapobadilika mshono unaonekana.

Nianze na maskani, kwa sababu lawama yao inakusumbua kuliko unavyokiri. Hip-hop haijawahi kuwa na mwili uliojitenga na soul. DJ Kool Herc, mzaliwa wa Jamaika, alipopiga muziki kwenye sherehe ya Agosti 1973 katika jengo la 1520 Sedgwick Avenue mtaani Bronx, malighafi yake ilikuwa santuri za soul na funk, hasa za James Brown, ambazo alirudia vipande vya ngoma tupu kwa kutumia nakala mbili za santuri ileile. "Rapper's Delight" ya mwaka 1979 ilichanwa juu ya mdundo wa "Good Times" ya kundi la Chic, uliopigwa upya na wanamuziki studio. Kwa hiyo anayesema kwamba uimbaji umekutoa kwenye hip-hop anaanza kuihesabu historia katikati.

Swali lenye maana zaidi ni kwa nini baadhi ya nyimbo za kuimba zilipokelewa kama hip-hop na nyingine zikakataliwa, na hapa ndipo ngoma zinapojieleza. Chukua "Real Love" ya Mary J. Blige, kutoka albamu yake ya kwanza ya mwaka 1992. Mwanamke huyu alikulia kwenye uimbaji wa kanisani, na koo lake halifichi hilo, lakini ngoma zilizowekwa chini yake zimetoka kwenye "Top Billin'" ya Audio Two, wimbo mgumu wa hip-hop wa mwaka 1987, ambao nao ulizichukua kutoka "Impeach the President" ya Honey Drippers ya mwaka 1973. Hakuna aliyezilainisha ngoma zile ili mwimbaji apite. Zinagonga vilevile kwenye ubeti na kwenye kiitikio, na ukali wake ndio unaofanya sauti ile isikike kama ya mtu wa mtaani anayeumia, badala ya mwimbaji wa ukumbini.

Mfano ulio wazi zaidi ni "Killing Me Softly" ya Fugees ya mwaka 1996. Wimbo huo ulikuwa umevuma kwa sauti ya Roberta Flack mwaka 1973, na katika toleo la Fugees hakuna ubeti wa kuchana hata mmoja. Lauryn Hill anaimba tangu mwanzo hadi mwisho, na Wyclef Jean anatupia maneno ya kuchangamsha hapa na pale. Hata hivyo, sijamsikia mtu wa hip-hop akiukana. Ngoma ni zile ambazo mashabiki walikwisha kuzizoea kwenye "Bonita Applebum" ya A Tribe Called Quest ya mwaka 1990, zimewekwa mbele, kavu, na mwanzoni sauti ya Hill inabaki karibu peke yake juu yake. Wimbo usio na mchano umebaki kuwa hip-hop kwa sababu ya kilicho chini yake, ilhali wako, wenye beti tatu za kuchana, unatiliwa shaka. Rudisha ngoma kwenye kiitikio, zibaki kwa kiwango kilekile cha sauti zilichokuwa nacho kwenye ubeti, kisha uusikilize tena kabla hujabadilisha kitu kingine chochote. Ukitaka kiitikio kipumue zaidi, ondoa kipande cha mapambo, au ongeza tari au kofi kwenye pigo la pili na la nne, lakini ngoma ya mguu na snea usiziguse.

Lawama ya kwamba unaiga Wamarekani nayo si mpya katika nchi yetu. Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam, wakati ambapo mavazi na mitindo ya vijana wa mjini vilikuwa vikisakamwa kwa jina la utamaduni wa taifa. Katika miaka ya 1970 mwimbaji Slim Ali wa Mombasa na kundi la Hodi Boys walikuwa wakipiga soul kwa ustadi ambao ukiusikia leo hutauliza wanatoka bara gani. Soul ina nusu karne na zaidi katika pwani hii, kwa hiyo usiombe radhi kwa kuipenda.

Sasa kodi. Beti zako zote zinazunguka juu ya noti mbili za besi, na kwa mchanaji hilo linatosha, hata linasaidia, kwa kuwa maneno yanapata nafasi. Mwimbaji wa soul, lakini, hana pa kwenda juu ya noti mbili. Mahadhi ya soul hupata uzito kwa kuegemea noti zilizo juu ya kodi ya kawaida, ile ya saba na ile ya tisa ukihesabu kutoka mzizi, yaani noti ya chini inayoipa kodi jina lake, halafu kuziachia ziteremke taratibu mahali pa kupumzikia. Wewe umelitatua hilo kwa kumpa rafiki yako mzunguko mpya kabisa wa kodi nne kwenye kiitikio, katika ufunguo (noti ambayo wimbo huegemea kama nyumbani) ambao hauhusiani na ule wa ubeti, na huo ndio mshono wako wa pili.

Jaribu kinyume chake: tunga kodi za kiitikio kwanza, kisha uzipunguze ili upate ubeti. Kwa mfano, ukiwa kwenye ufunguo wa A ndogo, kiitikio kinaweza kuzunguka kwenye A ndogo yenye noti ya saba, D ndogo yenye ya tisa, G yenye ya saba, na C kubwa yenye ya saba, kila kodi ikipewa kipimo kimoja. Kwenye ubeti ondoa kinanda, acha besi ipige mizizi ya kodi hizohizo, au baki na mbili za kwanza tu. Msikilizaji hataweza kueleza ulichofanya, lakini kiitikio kitakapofunguka atahisi kwamba kilikuwa kimejificha ndani ya ubeti muda wote. Rafiki yako wa kwaya atakufaa sana hapa. Ile hatua ya "Amina" mwishoni mwa wimbo wa dini, kutoka kodi ya nne kurudi ya kwanza, ni miongoni mwa hatua ambazo waimbaji wa soul walitoka nazo kanisani, na mtu aliyeimba sauti ya tatu kwa miaka kadhaa anazo nyingi za namna hiyo sikioni bila kuzijua majina.

Ufunguo wenyewe uchaguliwe na koo. Katika wimbo wa pili rafiki yako anapiga kelele kwenye kilele cha kiitikio, na sababu ni kwamba biti ilikuwa imekwisha kutengenezwa kabla yeye hajaitwa. Mwombe aimbe mahadhi bila ala, mtafute noti ya juu kabisa anayoweza kuishika kwa raha mara kumi mfululizo, na kilele cha kiitikio kiwe chini kidogo ya hapo. Kusogeza biti nusu toni mbili au tatu kwenye kompyuta ni kazi ya dakika moja, ilimradi kodi zako umezipiga kama noti na hujaziganda katika sampuli.

Jambo ambalo wachanaji wengi hawalitambui ni kwamba sauti ya kuchana nayo ina kimo, yaani ujuu au uchini wa noti. Ukisema mstari mmoja mara kadhaa kwa nguvu ileile utagundua kwamba unazunguka karibu na noti fulani, na noti hiyo ama inakubaliana na kodi zako ama inazikwaruza. Huna haja ya kuimba beti. Inatosha kujua kimo chako kiko wapi, na kuhakikisha kwamba neno la mwisho la kila ubeti linatua kwenye noti iliyomo ndani ya kodi ya kwanza ya kiitikio, ili mwimbaji aanzie ulipoishia. Bone Thugs-N-Harmony wa Cleveland waliufikisha ustadi huo mbali kuliko karibu kila mtu, hata katika "Tha Crossroads" ya mwaka 1996 ni vigumu kuonyesha mahali ambapo kuchana kumekwisha na kuimba kumeanza. Nate Dogg, ambaye naye alilelewa na kwaya ya kanisa, alikuja kutoka upande wa pili: aliimba kwenye "Regulate" ya mwaka 1994 kwa sauti tambarare, yenye noti chache, karibu na kimo cha mazungumzo, na kwa hiyo Warren G aliyekuwa akichana kando yake hakusikika kama mgeni. Ukiamua kumpunguzia rafiki yako madoido kwenye nusu ya kwanza ya kiitikio na kumwachia uhuru kwenye nusu ya pili, utapata sehemu ya faida hiyo.

Kuhusu mwendo, midundo yako 90 kwa dakika ni mahali pazuri na sioni sababu ya kuhama. Kinachokosekana ni mlegezo, yaani kuchelewesha kidogo baadhi ya mapigo. Kila pigo umelinyoosha kwa kompyuta hadi likawa sawasawa na rula, kisha ukamweka juu yake mwimbaji ambaye kwa asili anachelewa kidogo nyuma ya pigo. Mashine za kutengenezea biti za MPC, ambazo Roger Linn alizibuni kwa ajili ya kampuni ya Akai kuanzia mwaka 1988, zilikuwa na kipimo cha mlegezo ambacho asilimia 50 ni mnyoofu kabisa na 66 ni pigo la mafungu matatu. Programu nyingi za leo zimekirithi, na hapo katikati, karibu na 54 hadi 60, ndipo soul na hip-hop huelewana. Mtayarishaji J Dilla wa Detroit alikwenda mbali zaidi, akaziacha ngoma zake zilegee kuliko ilivyozoeleka, na wanamuziki walioshiriki albamu ya Voodoo ya D'Angelo, iliyotoka mwaka 2000, walijifunza kupiga ala za kweli kwa ulegevu huohuo. Usianze kwa kumwiga Dilla. Anza kwa kuisogeza snea nyuma kidogo mno, kiasi cha kuhisiwa bila kutambuliwa, wewe uchane mbele ya pigo, na rafiki yako aimbe nyuma yake.

Nifike kwenye Kiswahili, kwa sababu hapa ndipo mifano ya Marekani inapoacha kutusaidia. Katika lugha yetu mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu bila ubaguzi, na wewe unapochana unauheshimu mkazo huo bila kufikiri. Rafiki yako anapoimba anauvunja, kwa sababu mahadhi aliyopewa yana umbo la Kiingereza, ambalo hupenda kutua kwa kishindo kwenye silabi ya mwisho. Chukua mstari kama "moyo wangu umechoka kungoja". Mapigo mazito ya kipimo yanapaswa kuangukia mo, wa, cho na ngo. Mwimbaji akiliangusha pigo zito kwenye ka ya "umechoka", sikio la Mswahili linasikia lafudhi ya mgeni, hata kama haliwezi kusema kosa ni nini, na ghafla anayeimba hafanani na anayechana. Irabu ya mwisho unaruhusiwa kuivuta utakavyo, tena ni baraka kubwa kwamba maneno yetu yote ya asili huishia kwa irabu, lakini uivute baada ya mkazo kugonga mahali pake. Cho igonge pigo, ka iteleze na kupambwa.

Irabu nazo hazilingani. Mwimbaji anayepanda juu hufunguka kwa urahisi kwenye a na o, na hubanwa kwenye i na u, hasa mwanamume anayeimba kwa sauti ya kifua. Kilele cha kiitikio chako cha pili kipo kwenye neno "usiku". Hata bingwa angebanwa hapo. Panga maneno upya ili "usiku" ushuke chini na neno lenye a ya mkazo lipande, na utashangaa jinsi sauti itakavyokua bila mazoezi yoyote.

Vilevile hesabu silabi. Maneno ya Kiswahili ni marefu, kitenzi kimoja kinaweza kubeba sentensi nzima, na mchanaji anaweza kubana silabi 12 hadi 16 ndani ya kipimo kimoja chenye mapigo manne na bado akaeleweka. Kiitikio hakiwezi. Silabi sita hadi nane kwa kipimo zinatosha, na kama unaona mawazo hayaenei, punguza mawazo. Kwa upande wa vina ningependekeza jambo linaloonekana kama kinyume: vibane kwenye beti na uvilegeze kwenye kiitikio. Vitenzi vyetu vingi huishia kwa a, na kwa hiyo kufananisha irabu ya mwisho peke yake ni kazi rahisi mno ambayo sikio halilipi chochote. Washairi wa pwani walidai silabi nzima ifanane, "pita" na "leta" kwa ta, tena katikati ya mshororo na mwishoni. Beti hazina mahadhi ya kuzifunga, kwa hiyo vina vya namna hiyo ndivyo vinavyozishika. Kiitikio kimekwisha kufungwa na mahadhi, na vina vikali juu yake hukifanya kisikike kama wimbo wa watoto wa chekechea.

Kuna kasoro nyingine katika wimbo wako wa pili ambayo hakuna fundi wa mitambo atakayekutolea. Beti zinasimulia kijana anayehamishwa chumba cha kupanga kwa kukosa kodi ya nyumba ya miezi mitatu, nazo ni beti bora kuliko zote ulizonitumia, hasa ule mstari wa godoro kwenye bodaboda. Kiitikio kinamwahidi msichana mapenzi ya milele. Msichana huyo hayumo kwenye beti. Pop imetufundisha kwamba kiitikio ni lazima kiwe cha mapenzi, na si kweli. Kinachohitajika ni kwamba anayeimba awe mtu yuleyule anayechana, au awe mtu anayezungumza naye ndani ya kisa. Sikiliza "Zali la Mentali" ya Professor Jay akiwa na Juma Nature: Jay anasimulia kisa cha kijana wa hali ya chini aliyependwa na mwanamke mwenye uwezo, na Nature anapoingia kuimba bado tumo ndani ya kisa kilekile. Method Man na Mary J. Blige walifanya hivyo kwa njia ya majibizano mwaka 1995, mmoja akichana kwa mpenzi wake na mwingine akimjibu kwa kiitikio kilichotokana na wimbo wa Marvin Gaye na Tammi Terrell wa mwaka 1968. Lauryn Hill alilimaliza tatizo kwa kuchana na kuimba mwenyewe, na albamu yake ya mwaka 1998 ikawa ya kwanza ya hip-hop kupata Grammy ya albamu bora ya mwaka. Wewe una rafiki mwenye sauti, kwa hiyo mpe nafasi ndani ya kisa. Anaweza kuwa mama wa kijana kwenye simu, au kijana mwenyewe usiku ule akiwa hana pa kulala, akiimba kile ambacho mchana hakuweza kukisema kwa kujikaza.

Mpangilio nitaupita haraka, kwa sababu pop ni mwalimu mwepesi. Utangulizi wako wa karibu dakika nzima uwe vipimo vinne. Kiitikio kisikike kabla dakika ya kwanza haijaisha. Ubeti wa pili uwe mfupi kuliko wa kwanza, vipimo 12 badala ya 16, na mahali pa ubeti wa tatu weka daraja, kipande chenye mahadhi tofauti, ambalo rafiki yako anaachiwa aimbe atakavyo, huku wewe ukimtupia neno mojamoja chini yake. Wakati wa miksi, usiuache mchano ukiwa mkavu kabisa na uimbaji ukielea kwenye mwangwi wa kanisa kuu. Zote mbili zipitie mwangwi mmoja mfupi, na uimbaji uongezewe kidogo tu.

Sampuli ni swali ambalo jibu lake lina sheria ndani yake. Utamaduni wa kukata vipande vya santuri ulikua pamoja na mashine kama SP-1200 ya mwaka 1987, iliyokuwa na nafasi ya takriban sekunde 10 tu za sauti, hivyo watayarishaji walirekodi santuri kwa mwendo wa kasi kisha wakaishusha ndani ya mashine, na ule ukungu wa sauti tunaoupenda leo ulitokana kwa sehemu na ubanaji huo. Mwaka 1991 mahakama mjini New York iliamua dhidi ya Biz Markie kwa kutumia wimbo wa Gilbert O'Sullivan bila idhini, na tangu hapo kila kipande kina bei. Kwetu sheria ya hakimiliki inayotumika ni ya mwaka 1999, na COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya Tanzania, ndio wa kuwauliza. Katika wimbo wowote wa zamani kuna haki mbili, ya utunzi na ya rekodi yenyewe, na kupata idhini ya moja hakukupi nyingine. Zilipendwa za dansi ambazo umezitaja zinavutia sana, lakini usizitoe hadharani kabla hujajua ni nani anayezimiliki.

Njia ninayoipendekeza kwa mtu mwenye bajeti yako ni kutengeneza santuri yako mwenyewe. Mtafute mpiga gitaa wa bendi, mkae na rafiki yako wa kwaya, mtunge vipimo vinane vya wimbo wa soul wa Kiswahili ambao haujawahi kuwapo, mvirekodi kwa kodi zile nilizozitaja, kisha ukaitendee rekodi hiyo kama uliyoiokota sokoni: ipandishe kimo, ikate, irudie. Kanye West aliipandisha sauti ya Chaka Khan kwa namna hiyo kwenye "Through the Wire", na rangi ile ya sauti nyembamba inayolia inapatikana kwa koo lolote lililoimba vizuri. Tofauti ni kwamba hutamwomba mtu ruhusa, na ukitaka kodi moja ibadilike utaipiga upya.

Kuhusu Auto-Tune, iliyotoka mwaka 1997 na kusikika na dunia nzima kupitia "Believe" ya Cher mwaka uliofuata, sina uadui nayo. T-Pain aliigeuza kuwa ala, na albamu ya Kanye West ya 808s & Heartbreak ya mwaka 2008 ilionyesha kwamba mchanaji asiye mwimbaji anaweza kubeba albamu nzima kwa kuimba, ilimradi ngoma za mashine ya TR-808 zimebaki chini yake. Lakini kwa rangi unayoitaka ina gharama. Ikiwekwa kwa kasi kubwa ya kusahihisha, inaua kuteleza kutoka noti moja kwenda nyingine, na soul kwa sehemu kubwa ni kule kuteleza. Itumie kwenye vionjo vya nyuma, na kwenye sauti kuu iweke polepole au uiache. Na ndiyo, jifunze kuimba, kwa kiwango cha kuweza kumwonyesha mwenzako mahadhi bila kupiga kinanda. Mwombe akukaribishe kwenye mazoezi ya kwaya, usimame na sauti ya nne nyuma kabisa. Kuishika noti yako huku jirani yako akiimba nyingine ni zoezi ambalo sijaona programu inayoweza kulifundisha.

Jambo la mwisho hukuuliza, lakini nimeliona kwenye majina uliyoandika: nyimbo zote mbili umejitaja wewe kama mtunzi pekee. Mahadhi ya viitikio ameyatunga rafiki yako. Wanamuziki waliomsaidia Lauryn Hill kwenye albamu ile iliyopata tuzo walimfungulia kesi mwaka huohuo wa 1998 wakidai kwamba mchango wao wa utunzi haukutambuliwa, na shauri likamalizwa kwa makubaliano nje ya mahakama mwaka 2001. Kabla hamjarekodi tena, andikeni kwenye karatasi moja nani ametunga maneno, nani mahadhi, nani biti, na kila mmoja ana asilimia ngapi, mtie sahihi wote pamoja na mpiga gitaa atakayekuja, na nakala ipelekwe siku mtakapokwenda kusajili wimbo.